Ngitili ya babu tusiigawane jamani

Kwetu Kishapu, Shinyanga, ngitili haiuawi na mbuzi, wala ukame hauiwezi. Inafia kwenye kikao cha mirathi. Matanga hayajaanuliwa vizuri watu washaanza kupima kwa hatua, hiki changu kile chako, na kila mmoja akishapata kaeneo kake ka ekari mbili tatu anaona pori lenyewe dogo halina maana, anaita watu wa mkaa. Ukipita mwaka unaofuata ni visiki na vumbi.

Kwa asiyejua: ngitili ni eneo ambalo familia au kijiji kinalifunga mvua zikianza, mifugo haikanyagi, majani yanapanda na miti inachipua, halafu kiangazi kikikaza, mwezi wa saba wa nane huko, linafunguliwa kidogo kidogo, wanaanza ndama na ng'ombe wa kukamua na maksai maana hao ndo watalima mvua zikirudi. Hakuna seng'enge hakuna geti. Mpaka ni mkwaju ule na kichuguu kile, kila mtu anaujua, na ukikamatwa unalisha usiku kwa wizi utalipa faini na sungusungu hawatanii.

Sasa kuna watu, hasa nyie mnaopita na basi kwenda Mwanza, mnadhani Shinyanga imekuwa kavu hivi tangu dunia iumbwe. Wapi. Wakoloni walifyeka mapori kuua mbung'o, kuanzia miaka ya 1920 huko, pamba ikaja ikala mashamba mapya, halafu 1974 na 1975 operesheni vijiji ikahamisha watu, ngitili zikabaki mbali na kaya, nani azilinde? Kufikia 1986 zilizobaki zilikuwa kama hekta 600 tu mkoa mzima (Shinyanga ya zamani ile kubwa, kabla haijamegwa). Ndo mwaka huo mradi wa HASHI ukaanza, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa hela za Norway, na kilichofanya kazi kuliko vyote ni kuwaambia wazee rudini kwenye kile mlichokuwa mnafanya. Mradi unafungwa 2004 hekta zimevuka 300,000. Walipewa mpaka tuzo ya Umoja wa Mataifa, Equator Prize, 2002.

Na miti mingi hata haikupandwa bwana, hicho ndo napenda watu wakielewe. Mgunga ukikatwa juu mizizi inabaki hai huko chini, kinachoumaliza ni mbuzi kurudi kila siku kung'ata kila chipukizi linalotoka. Ukifunga eneo kisiki kinalipuka machipukizi kumi kumi na tano, unachagua matatu manne yaliyonyooka, mengine unakata na panga chini kabisa, ukirudi msimu ujao unapunguza tena. Ndivyo ilivyorudi ngitili yetu, leo kuna migunga ya kutosha, mipingo michache (huo unakua taratibu mpaka unachosha), na furu ambazo watoto wanamaliza kabla hazijaiva.

Lakini kinachogombaniwa kwenye grupu la familia sasa hivi siyo huko juu, ni kule chini mbugani. Ngitili yetu inashuka mpaka kwenye udongo mweusi, kuna matete na maji yanayokaa muda mrefu baada ya mvua kukata, kambare wanaingia mafuriko ya kwanza yakija na korongo taji nao hawakosi. Baba mdogo anataka palimwe, mpunga kwanza, mpunga ukitoka dengu. Simlaumu sana, dengu ina bei na haidai mvua, inamalizia unyevu uliobaki ardhini. Shida ni kwamba unyevu huo haujitokezei wenyewe. Majani na miti ya juu ndo inayapunguza maji mbio yakashuka taratibu, ukifyeka yanakuja kwa kishindo na mchanga wote, na kwa jirani zetu upande wa pili wa barabara nendeni mkaone, lambo lao limejaa mchanga mpaka ng'ombe wanavuka katikati. Udongo mweusi usio na majani juu ukikauka unapasuka nyufa za kuzamisha mguu mpaka gotini. Hapo hata dengu hiyo utaisikia kwa wenzio.

Halafu kuna sheria, watu wanajifanya hawaijui. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au lambo.

Wanaopinga nao wana hoja, siwezi kudanganya. Fisi wanalala humo. Mwaka wa kwelea kwelea ndo usiseme, wanalala kwenye migunga na matete, asubuhi wanashuka kwenye mtama, na ukiitetea ngitili siku hizo unatukanwa hadharani. Ila kwelea anaruka mbali, ukifyeka ya kwako atalala ya jirani na mtama wako atakuja kuula vilevile, tofauti ni kwamba utakuwa huna kuni, huna nyasi za kuezekea na huna malisho ya mwezi wa kumi.

Ndo maana nimeleta hoja ya hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila kwa familia, majina yote kwenye karatasi moja, eneo moja lisilokatwa vipande. Anayetaka kuuza sehemu hawezi kujiamulia mwenyewe na mtu wa mkaa. Mtendaji anasema kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi kwa hiyo inawezekana, tuandike tu muhtasari wa ukoo tusaini wote.

Baba mdogo kakubali kwa sharti aachiwe kona ya juu ya mizinga yake ya nyuki, sawa, nyuki hawakati mti. Aliyegoma ni shangazi. Walitaka aandikwe mtoto wake wa kiume "kwa niaba yake", akasema hapana, liandikwe jina langu mimi, na sheria hiyohiyo ya 1999 kifungu cha 20 iko upande wake, mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Mimi pia niko upande wake. Kikao kingine ni baada ya kuvuna mtama.