Kinachorudiwa na kisichorudiwa: Roma inaposema ndiyo Kanisa la kweli

Ubishi kuhusu Papa hapa Tanga una njia yake, na aliyeusikia mara mbili anaweza kuumalizia mwenyewe. Mmoja anafungua Mathayo 16:18, "Wewe ndiwe Petro, na juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu." Mwenzake anajibu kwamba mwamba ni ile imani aliyoikiri Petro, si Petro mwenyewe. Wa kwanza anaongeza Yohana 21, "Lisha kondoo zangu". Wa pili anatoa Wagalatia 2:11, Paulo alipomkabili Petro uso kwa uso kule Antiokia. Baada ya hapo sauti zinapanda, na anayeondoka na ushindi ni mwenye spika kubwa.

Aya hizo zina uzito, sikatai. Lakini zimebishaniwa kwa karne nyingi na watu waliojua Kigiriki kuliko sisi sote, na hazijamaliza kesi. Anayetaka kujua Roma inadai nini hasa aende ofisi ya parokia, aulize swali moja: Mkristo wa kanisa lingine akija hapa, mnamfanyia upya nini, na nini hamrudii? Majibu yako kwenye Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, na yanasema mengi kuliko mahubiri ya viwanjani.

Tuanze na ubatizo. Mlutheri aliyebatizwa Lushoto, Mwanglikana wa Muheza, Mmoraviani, Msabato: akitaka kuingia Kanisa Katoliki, habatizwi tena. Kanuni ya 869 inakataza. Kinachotazamwa ni mambo matatu tu, maji, maneno na nia. Maji yawe maji ya kweli, na ama mtu azamishwe ama amwagiwe. Maneno yawe ya Utatu, "kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu". Mbatizaji awe na nia ya kufanya linalofanywa na Kanisa, basi. Hakuna anayeuliza kama mchungaji yule anamtambua Papa.

Hapo ndipo makosa yanapoingia, tena pande zote. Kuna makundi yanayobatiza "kwa jina la Yesu" peke yake; huo Roma haiuhesabu. Ubatizo wa Wamormoni ulikataliwa mwaka 2001, ingawa maneno yao yanafanana, kwa sababu Utatu wanaoutaja si ule unaoaminiwa na makanisa mengine. Mwaka 2020 Roma ikatamka kwamba hata padri wake mwenyewe akisema "tunakubatiza" badala ya "nakubatiza", ubatizo huo ni batili na lazima ufanywe upya kabisa. Na kuna kasoro ya kimwili ambayo watu huipuuza: maji lazima yaguse ngozi na yatiririke. Matone mawili yakiishia juu ya nywele zilizosukwa au kitambaa, paroko makini ana haki ya kuwa na shaka. Shaka ikibaki baada ya uchunguzi, hubatizwa kwa sharti: "Kama hujabatizwa, mimi nakubatiza..." Mwenye kupoteza cheti asikate tamaa, kanuni ya 876 inakubali ushuhuda wa mtu mmoja asiye na sababu ya kusema uongo, au kiapo cha mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima. Katekista anayemrudisha Mlutheri mwenye cheti halali kwenye birika la ubatizo "kwa usalama" anavunja sheria ya Kanisa lake.

Msimamo huu una historia, na historia yenyewe ni ya Afrika. Mwaka 255 na 256 Sipriani, askofu wa Karthago, katika Tunisia ya leo, alishikilia kwamba ubatizo wa waliojitenga na Kanisa si kitu, kwa hiyo wakirudi wabatizwe. Stefano, askofu wa Roma, akasema hapana: wawekewe mikono tu, na lisizushwe jipya zaidi ya lililopokelewa. Sipriani akaitisha kikao cha maaskofu 87, wote wakawa upande wake, naye akafungua kwa kusema kwamba hakuna kati yao anayejifanya askofu wa maaskofu. Kijembe hicho kilijua kinakoelekea. Wanaopenda kutaja "nje ya Kanisa hakuna wokovu" kama msemo wa kipapa wajue kwamba Sipriani aliandika maneno hayo akimpinga askofu wa Roma. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Arles wa mwaka 314 ulifuata njia ya Roma, na baadaye Augustino, Mwafrika mwingine, akaijengea hoja dhidi ya Wadonati, kundi lililojitenga na Kanisa huko Afrika Kaskazini: ubatizo ni wa Kristo, haugeuki kwa sababu ya mkono unaomwaga maji.

Sasa tazama kinachofuata. Kama ubatizo wa Mlutheri ni wa kweli, basi Mlutheri ameingizwa kweli katika Kristo, na kanisa la kweli haliwezi kusemwa kuwa na ukuta ulionyooka, waliomo humu na wasiomo kule. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Kanisa ya Novemba 1964, ibara ya 8, ulichagua maneno kwa uangalifu: Kanisa la Kristo "linadumu ndani ya" Kanisa Katoliki linaloongozwa na mwandamizi wa Petro na maaskofu walio katika ushirika naye, ingawa nje yake zipo sehemu nyingi za utakatifu na ukweli. Rasimu ya mwanzo ilisema kwa ufupi kwamba Kanisa la Kristo "ni" Kanisa Katoliki. Wapo waliodhani badiliko hilo lilikuwa kulegeza kamba. Septemba 2000 ikatoka hati *Dominus Iesus*, imesainiwa na Kardinali Joseph Ratzinger, ikaikaza tena: Waorthodoksi ni makanisa mahalia (ya mahali pao) ya kweli, kwa kuwa wana mfululizo wa mitume, yaani maaskofu waliopokezana daraja tangu mitume, na Ekaristi halali; jumuiya zilizotoka kwenye Matengenezo, yaani za Kiprotestanti, si makanisa kwa maana kamili ya neno, ingawa waliobatizwa humo wana ushirika fulani na Kanisa, usiokamilika. Walutheri wengi waliumia, na sioni namna ya kuwaambia wasiumie. Mwaka uliotangulia tu, Oktoba 31, 1999, walikuwa wamesaini na Roma tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki kwa imani.

Ngazi hizo zinaonekana wazi kwenye mambo yanayorudiwa. Mlutheri wa Tanga aliyepata kipaimara chake usharikani akijiunga na Roma hupewa kipaimara upya, na padri anayempokea ana mamlaka hayo kisheria bila kumsubiri askofu. Mworthodoksi harudiwi. Padri wa Kiorthodoksi akihamia Roma haendi kupadrishwa tena. Padri wa Kianglikana anapadrishwa kama mlei.

Hili la Waanglikana lina uchungu wa pekee mkoani kwetu. Wamisionari wa UMCA, shirika la kimisionari la Kianglikana, waliojenga misheni ya Magila, iitwayo pia Msalabani, walikuwa wa mrengo wa Kikatoliki hasa: ubani, mavazi, ungamo, Misa ya kuimbwa. Mgeni akiingia Msalabani Jumapili anaweza kukaa nusu saa kabla ya kujua kwamba hayuko kwa Waroma. Lakini mwaka 1896 Papa Leo XIII alitamka kwamba daraja za Kianglikana, yaani upadri na uaskofu wao, ni batili kabisa, kwa hoja kwamba kitabu cha ibada cha karne ya 16, enzi za mfalme Edward VI wa Uingereza, kiliondoa kwa makusudi kila kinachoonyesha padri anatoa sadaka, na uzi wa mitume ukakatikia hapo. Kurudisha ubani na mavazi baadaye hakuungi uzi. Na asidhani mtu kwamba ukali wa mipaka ni wa Roma pekee: mwaka 1913, baada ya mkutano wa Kikuyu, Kenya, ambapo Waanglikana na Waprotestanti wengine walishiriki meza moja, aliyewashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi alikuwa Frank Weston, askofu Mwanglikana wa Zanzibar, ambaye dayosisi yake ilifika mpaka Magila.

Kuhusu Papa mwenyewe, watu hukimbilia kutokukosea kwake, na hapo wanapoteza muda. Hati ya Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ya Julai 18, 1870, iliyopita kwa kura 533 dhidi ya 2 baada ya wapinzani kadhaa kuondoka Roma mapema, imeweka masharti ya kubana: aseme kama mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, kwa mamlaka yake ya juu ya kitume, juu ya imani au maadili, akiamua kwa namna ya mwisho fundisho la kushikwa na Kanisa zima. Tangu siku ile tamko la namna hiyo limetolewa mara moja bila ubishi, Novemba 1, 1950, Pius XII alipotangaza Maria kupalizwa mbinguni. Mahojiano ndani ya ndege hayamo. Hotuba za Jumatano hazimo.

Sura ya hati hiyo inayouma ni ile iliyo kabla ya hiyo ya kutokukosea, ya tatu. Inasema Papa ana mamlaka kamili, ya kawaida, ya moja kwa moja, juu ya kila kanisa mahalia, kila mchungaji na kila muumini. Tanga tumeiona ikifanya kazi. Jimbo Katoliki la Tanga lilianzishwa na Roma mwaka 1958, maana hakuna mwingine awezaye kuanzisha jimbo. Askofu Anthony Banzi alipofariki Desemba 2020, kiti kilikaa wazi mpaka mwaka 2023, Papa Fransisko alipomteua Thomas Kiangio. Katika hali kama hiyo baraza la washauri huchagua msimamizi wa jimbo ndani ya siku 8. Msimamizi huyo anaweza kuendesha shughuli, lakini sheria inamfunga kwa maneno yanayokaribia yale ya Stefano kwa Sipriani: kiti kikiwa wazi, lisizushwe jipya. Hata kuteua paroko hawezi mpaka mwaka upite. Wakati huo balozi wa Papa Dar es Salaam anauliza huku na huku kwa siri, anapeleka Roma majina matatu, kisha watu wanangoja. Kwa Walutheri mkutano mkuu wa dayosisi ungepiga kura, na kwa Waanglikana sinodi. Askofu Mkatoliki akimweka wakfu askofu mwingine bila hati ya Papa, wote wawili wametengwa papo hapo. Ndicho kilichompata Marcel Lefebvre, askofu mkuu Mfaransa, mwaka 1988.

Waorthodoksi wanakubali karibu yote kuhusu sakramenti na maaskofu, na wanakwama hapa. Wanasema Roma ilikuwa ya kwanza kwa heshima, si kwa amri juu ya majimbo ya wengine. Wana ushahidi: mtaguso wa mwaka 451 kule Kalkedoni uliupa mji wa Konstantinopoli heshima sawa na ya Roma kwa sababu ulikuwa mji wa mfalme, na Papa Leo I akaikataa kanuni hiyo. Tukio hilo hilo linawafaa Wakatoliki pia, kwa kuwa maaskofu wale walimwandikia Leo wakimwomba aidhinishe. Papa Honorius wa karne ya 7 ni mfupa mgumu zaidi. Mtaguso wa mwaka 680 na 681 ulimlaani kwa kuunga mkono uzushi wa utashi mmoja katika Kristo. Jibu la Kikatoliki ni kwamba barua zake kwa Sergius, patriaki wa Konstantinopoli, hazikutimiza masharti ya 1870. Kisheria jibu hilo linasimama. Ila masharti yaliandikwa karibu miaka 1,200 baadaye, na mpaka leo hakuna orodha rasmi ya matamko yaliyoyatimiza, kwa hiyo anayelikuta dhaifu si mjinga. Vivyo hivyo ule mfarakano wa 1378 hadi 1417, Wakatoliki walipokuwa na mapapa wawili, kisha watatu, huku Katarina wa Siena akiwa upande wa Roma na Vincent Ferrer upande wa papa wa Avignon, Ufaransa, na wote wawili leo ni watakatifu. Kukosea ni nani Papa wa kweli hakukumnyima mtu utakatifu. Sijasikia mhubiri wa upande wowote akilijibu hilo vizuri.

Kwa wengi Tanga, mambo haya yote hufika nyumbani siku ya posa. Walutheri wawili wakifunga ndoa usharikani, Roma inaitambua ndoa yao kuwa halali, na kwa kuwa wote wamebatizwa, ni sakramenti. Watu hushangaa, lakini inatoka moja kwa moja kwenye ubatizo usiorudiwa. Mkatoliki akifunga ndoa usharikani huo huo bila kibali, ndoa ni batili mbele ya Roma, kwa kuwa yeye amefungwa na utaratibu wa Kanisa lake: padri au shemasi mwenye mamlaka, na mashahidi wawili. Ndiyo maana mtu anajikuta hapokei komunyo kwa miaka.

Njia ipo, ila ianze mapema, miezi na si wiki. Mkatoliki na Mlutheri au Mwanglikana wanahitaji ruhusa ya ndoa mseto kutoka kwa askofu. Mkatoliki na Mwislamu wanahitaji kuondolewa kizuizi, na bila hilo hakuna ndoa kabisa. Upande wa Katoliki unaahidi kufanya kila uwezalo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake hasaini ahadi hiyo, anajulishwa tu, na asikubali kuambiwa vinginevyo. Familia ya bibi harusi ikitaka ibada iwe usharikani, askofu anaweza kuondoa sharti la utaratibu wa Kikatoliki, lakini barua iombwe kabla ya kadi za mwaliko kuchapishwa. Kisichoruhusiwa ni kufunga mara mbili, asubuhi kwa mchungaji na mchana kwa padri, ili pande zote ziridhike. Kanuni ya 1127 inakataza. Na harusi ya mseto ikifanyika parokiani, mara nyingi paroko atashauri iwe ibada ya Neno bila Misa, maana wakati wa komunyo nusu ya ukumbi ingebaki imekaa.