Ubao wa Nguru

Nilikuwa nasoma hesabu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na likizo ile niliimalizia Bagamoyo kwa mjomba, dalali wa soko la samaki. Ukutani alikuwa na mbao mbili za chaki: mmoja wa nguru mzito kuliko wote tangu auanzishe, mwingine wa nguru mzito wa siku saba za karibuni. Samaki akiingia ubaoni, mwenyewe husamehewa udalali.

Asubuhi moja nahodha mmoja akaja juu. Nguru wake wa kilo 9, aliyeuzwa siku nne nyuma, alikuwa amefunikwa na wa kilo 14 aliyemtangulia. Sasa yule wa 14 siku zake zimekwisha, kafutwa, na 9 ndiyo iliyoandikwa. "Si niko ubaoni? Nipe changu!"

Nikachukua chaki. Shika siku nane mfululizo, kila siku na nguru wake mkubwa. Kama siku hazijuani wala hazipendeleani, mkubwa wa wote nane aweza kuangukia siku yoyote sawasawa. Ubao wa siku saba hubadilika akiwa wa siku ya nane, maana ndiye anayeingia, au wa siku ya kwanza, maana ndiye anayetoka. Mbili kwa nane: robo. Nusu ya robo hiyo ni kuingia, nusu ni kutoka, na haipungui hata miaka ipite.

Ubao wa kudumu ndio unaochoka. Siku ya mia ina nafasi moja kwa mia ya kuvunja rekodi. Jumlisha 1 na 1/2 na 1/3 hadi 1/365, mwaka wa kwanza unapata kama rekodi 6.5, mwaka wa pili 0.7 tu. Na watu wanasema ubao umerogwa!

Mzee aliyekuwa akishona nyavu hakuinua hata macho. "Mwanangu, kaskazi na kusi umezitia kapu moja?" Hapo alinibana kweli; bahari ya msimu wa kusi haitoi sawa na ya msimu wa kaskazi.

Mjomba alitaka jambo moja tu. "Nikilipa na wanaopanda kwa mwenzao kuondoka, nalipa maradufu?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi nasamehe siku samaki anapoingia. Mwenzake akiondoka, hainihusu."

Nahodha akahamia kwa dalali mwingine. Mjomba hakunilaumu, ila mnada ukipoa alikuwa akiniuliza, mbele za watu, ile robo yangu inauzwa kilo bei gani.