Mstari wa 22

Usiku wa kuamkia mahafali nilikaa peke yangu katika chumba cha walimu na karatasi yenye mistari 29. Kila mstari ulianza na jina la kijana mmoja wa darasa langu, na mbele ya jina palikuwa patupu. Bruda mkuu wa shule alikuwa amenikabidhi kazi hiyo mchana: kesho yake, baada ya Misa ya shukrani, kila kijana akipanda kupokea cheti na msalaba mdogo wa mbao, mimi mwalimu wa darasa niseme sentensi mbili tatu juu yake. "Alama zina karatasi yake," aliniambia. "Wewe sema unavyomjua."

Niliipokea kazi ile kwa furaha. Nilikuwa nimekaa na wale vijana miaka 3, tangu suruali zao zikiburura chini mpaka zilipoanza kuacha vifundo vya miguu nje, na niliwapenda. Mwalimu hufundisha madarasa mengi, lakini lipo moja linalomkaa moyoni. Langu ni lile.

Shule ilikuwa ya Mabruda wanaomfuata Mtakatifu Yohane Baptista de La Salle, yule padre wa Reims aliyeacha cheo chake cha ukanoni mwaka 1683 ili aishi na walimu wa watoto maskini. Mwaka 1950 Papa Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa walimu. Katika mwongozo aliowaachia walimu wake kuna agizo lililonigusa tangu nilipoanza kazi: kila mwisho wa mwaka mwalimu aandike orodha ya wanafunzi wake, mema na mapungufu ya kila mmoja, ili atakayewapokea awajue. Mfano uliowekwa humo ni wa mtoto wa miaka 8 na nusu, asiyetulia, ambaye sala zake zinataka aangaliwe. Ushauri ni kwamba avutwe na kutiwa moyo, kwa kuwa adhabu haimfai sana. Mtoto yule ana zaidi ya miaka 300 sasa, nami nimemfundisha mara nyingi.

Basi nikaanza kuandika.

Kaka mkuu hakunipa taabu. Mwaka wa pili niliwahi kumwachia darasa na kumwagiza aandike majina ya wapiga kelele. Niliporudi nilikuta majina 5, na la kwanza lilikuwa lake. "Mimi ndiye niliyeanza kucheka," alisema, akasimama kungoja adhabu pamoja na wenzake. Niliandika: kiongozi mtulivu, mwenye kauli, anayejihesabu kwanza.

Aliyefuata alikuwa mtumishi wa altare aliyeshika chetezo miaka yote 3. Mikono ya kanzu yake ilikuwa na vitundu vidogo vya cheche. Sijapata kumwona kijana aliyeujua mkaa kama yeye: lini uko tayari, ubani kiasi gani, mnyororo uachiwe wapi ili chetezo kisigonge. Padre alipomnyooshea mkono alikuwa ameshakifungua. Nikaandika juu ya uaminifu wake, nikaridhika.

Mwimbaji wetu wa wimbo wa katikati nilimwekea kisa kitakachowafurahisha wazazi. Sauti yake ilivunjika Jumapili moja mbele ya shule nzima, katikati ya Zaburi ya mchungaji, alipofika kwenye bonde. Ilipanda, ikakwama, ikatoka nyingine nzito ambayo hata yeye hakuwa ameisikia. Kikanisa kizima kilicheka. Alinyamaza kidogo, akameza mate, akaimba hadi mwisho kwa ile sauti mpya.

Kulikuwa na kijana mmoja Mwislamu. Katika shule yetu hawakukosekana, na walikaa nasi kama ndugu. Siku tuliyosoma habari ya Bikira Maria kupashwa habari na malaika, alinyoosha mkono akasema kwamba Kurani ina sura nzima inayoitwa Mariamu, sura ya 19. Nikamwomba aisimulie. Alisimama, akatueleza jinsi Mariamu alivyoshikwa na uchungu akiwa peke yake, akaenda kuegemea shina la mtende, akatamani angekuwa amekufa kabla ya hayo, na jinsi sauti ilivyomwambia asihuzunike, autikise mtende, tende zimwangukie. Alisimulia kwa adabu ya mtu anayemsemea mama yake. Vijana wa nyuma, ambao Injili ile walikuwa wameisikia mara mia, walikaa wima. Bruda mmoja aliyekuwa akipita na rundo la madaftari alisimama mlangoni mpaka mwisho. Tangu siku hiyo, jioni tulipoimba Salamu Malkia, yule kijana alisimama nyuma kabisa, mikono ameikunja kifuani, kimya. Hakuna aliyemwomba asimame. Juu yake niliandika zaidi ya sentensi 3, na sikukata hata moja.

Wengine waliandikika upesi. Golikipa aliyekwenda kumpa mkono kila mshambuliaji aliyemfunga. Yule aliyebandika ndani ya mkebe wake wa jometri picha ya Mtakatifu Yosefu wa Cupertino, Mfransisko aliyekuwa mzito wa masomo, ambaye masimulizi yanasema aliulizwa kwenye mtihani kile kile alichokijua, na ndiye watahiniwa humwomba. Mkebe ule ulifunguliwa mara nyingi kuliko kitabu, lakini hesabu zilimwingia mwishowe. Juu ya kijana mmoja mwembamba wa safu ya mbele niliandika neno moja tu, "mpole", nikavuka.

Nikafika mstari wa 22.

Nilijua anakaa wapi: safu ya tatu, dirishani. Nilijua mwandiko wake. Nikafungua daftari la mahudhurio, hakuwa amekosa hata siku moja. Nikafungua la alama: 61, 63, 62. Hakuwa ameletwa kwangu kwa kosa, wala kwa ugonjwa, wala kwa ushindi. Kila asubuhi nilipoita jina lake aliitika "nipo, mwalimu", nami nikatia alama bila kuinua macho. Miaka 3 nzima. Nilizunguka chumba, nikarudi, nikaandika "mtiifu", nikafuta. Nikaandika "mnyamavu", nikafuta. Karatasi ikaanza kuchakaa pale. Nilimaliza mistari mingine yote na kwenda kulala na aibu ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Alfajiri nilimkuta kwenye ngazi za kikanisa, ameshavaa tai, anafunga kamba za viatu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu." Nikakaa karibu naye, ngazi ya chini. Ningeweza kumuuliza mambo kwa kuzunguka, niokote chochote. Sikutaka. Nilimwambia ukweli: kwamba nimekaa na jina lake usiku kucha na sina la kusema, na kosa ni langu.

Hakuonekana kuumia. Alitazama karatasi mkononi mwangu. "Umewaandika wote?"

"Wote."

"Naweza kuona?"

Nikampa. Alisoma taratibu, kidole kikishuka kwenye majina, kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Kwa kaka mkuu alisimama.

"Hapa umeandika ni mtulivu. Mwalimu, ana kigugumizi. Kinamshika akikasirika tu. Kwa hiyo aliamua asikasirike. Usiku kabla ya zamu yake ya kusema paredini alikuwa anajizoeza bafuni, maji yakiwa wazi."

Miaka 3 nilikuwa nimeusifu utulivu ule kama tabia ya kuzaliwa.

Akatoa penseli mfukoni, akaniomba ruhusa kwa macho, nikaitikia. Alipofika kwa mshika chetezo aliniambia kwamba yule rafiki yake anaogopa moto. Aliungua utotoni, kovu liko begani. Chetezo alikiomba mwenyewe, na miezi ya kwanza alikuwa anatetemeka sakristia hata wenzake wakimshikia mkaa.

Kisa cha mwimbaji alikisoma mara mbili. "Hiki usikisome, mwalimu. Mama yake atakuwepo, na hakumwambia. Siku ile hakula. Sema tu kwamba alimaliza wimbo." Akapitisha mstari mwembamba wa penseli juu ya maneno yangu.

Kwa kijana wa sura ya Mariamu alitabasamu. "Hii iache ilivyo."

Halafu akafika kwenye lile neno moja, "mpole", akakaa kimya muda.

Ndipo nikaelezwa habari ya daftari. Kila Novemba, mwezi ambao Kanisa huwaombea marehemu, tuliweka kando ya altare daftari ambamo kila mtu huandika majina ya wafu wake, na mwezi ukiisha hurudishwa sakristia. Kijana yule alifiwa na mama mwaka wa kwanza. Aliandika jina la mama tarehe 2 Novemba, akaliandika tena kesho yake, akaendelea. Novemba ilipoisha alikuja akakuta daftari bado lipo pale, na kalamu juu yake. Bruda msakristi hakuliondoa. Hakusema neno kwa mtu, wala kijana hakuuliza. Lilikaa kando ya altare mpaka Noeli, mpaka Kwaresima, mpaka Pasaka ikapita, na jina lile moja likaujaza ukurasa baada ya ukurasa, hadi asubuhi moja alipokuja mwenyewe akalifunga na kulipeleka sakristia kwa mikono yake.

Nami nilikuwa nimeliona daftari lile. Nililiona kila siku, nikadhani limesahauliwa.

"Hilo usilisome," alisema. "Lakini ulijue."

Nilimuuliza ameyajuaje yote hayo. Aliinua mabega. "Wananiambia. Na mengine nayaona tu."

Kengele ililia. Alikuwa bado na karatasi, akaomba amalizie kusoma huku tukitembea, akanirudishia mlangoni, imekunjwa. Niliitia ndani ya koti.

Misa ilikuwa ndefu na nzuri. Chetezo kilipita mbele yangu na nilimtazama yule kijana mikono, haikutetemeka. Wimbo wa katikati uliimbwa kwa sauti nzito, na kutoka safu za wazazi nilimwona mama mmoja akifunga macho. Baada ya Baraka, Bruda mkuu alisimama akasema maneno yaliyofungua kila somo na kila sala shuleni kwetu: "Tukumbuke kwamba tuko mbele za Mungu." Ukaja ule ukimya. Kisha: "Yesu aishi mioyoni mwetu." Vijana 29 wakajibu kwa mara ya mwisho, "Milele," na najua wengi walihisi uzito wake, kwa sababu baadhi hawakuweza kulimalizia.

Nikaanza kuwaita. Niliposema kwamba kaka mkuu ni mtu aliyeufanyia kazi utulivu wake, alinitazama ghafla, akatafuta kitu usoni mwangu, kisha akainamisha kichwa. Kwa kijana wa safu ya mbele nilisema kwamba anajua kupenda kwa muda mrefu. Bruda msakristi, aliyekuwa amesimama kando ya mlango wa sakristia, aliangalia sakafu.

Mstari wa 22 nilikuwa nimejitayarishia maneno njiani. Nilipoushukia kwa macho niliona si mtupu. Pale nilipofuta hadi karatasi ikachakaa paliandikwa neno moja kwa penseli, kwa ule mwandiko nilioujua: "Alikuwepo."

Nilimwita kwa jina lake. Nililisoma neno lile kama lilivyo. Kisha nikaongeza langu, kwamba waliyoyasikia asubuhi hiyo juu ya ndugu zao, na watakayoyasikia bado, yamepita mikononi mwake kwanza, na kwamba mimi mwalimu wao nilifundishwa naye kwenye ngazi za kikanisa saa moja kabla ya Misa. Vijana waligeuka mmoja mmoja kumtazama. Hawakushangaa. Walitikisa vichwa tu, kama watu waliokuwa wakijua siku zote.

Alipokea msalaba kwa mikono miwili, akaubusu, akashuka. Nikasubiri afike mahali pake na kukaa, kisha nikamwita wa 23.