Majibu Apewe Nani?

Nilikuwa muuguzi mgeni katika wodi ya wanawake kijana mmoja aliponivuta pembeni. Majibu ya kipimo cha kinyama alichokatwa mama yake yalikuwa yametoka: saratani ya kongosho, imeshafika kwenye ini.

"Sista, nakuomba, mwambieni ni vidonda vya tumbo. Akijua, atakata tamaa."

Nililipeleka ombi lake kwenye kikao cha wodi. Daktari kijana akalikataa palepale, akamtaja Kant, mwanafalsafa Mjerumani ambaye mwaka 1797 aliandika kwamba hata muuaji akibisha hodi akimtafuta rafiki yako, huna ruhusa ya kumdanganya. Daktari mzee akaja na hoja ya matokeo, ya wanafalsafa Waingereza akina Bentham na Mill, kwamba tendo hupimwa kwa matokeo yake: ukweli usiobadili tiba, unaoongeza simanzi tu, una faida gani? Yeye alilelewa na kizazi kilichoficha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1961 ulikuta takriban madaktari 9 kati ya 10 hawapendelei kumwambia mgonjwa kuwa ana saratani. Mwingine wa 1979 ukakuta karibu wote wanapendelea kusema. Sidhani wagonjwa waligeuka hivyo katika muda mfupi vile. Tuliogeuka ni sisi tunaowahudumia.

"Huyo Kant hakuoa wala hakuzaa," matroni akasema, "hajui watoto wa mgonjwa wanavyobisha hodi. Lakini kuna aliyemuuliza mama mwenyewe?"

Kimya. Mwaka huohuo wa 1979 Beauchamp na Childress, wataalamu wa maadili ya tiba wa Marekani, walitoa kitabu chenye kanuni nne ambazo sote tulizikariri chuoni: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na haki. Wengi huichukua ile ya kwanza kama amri ya kumwaga kila kitu. Siyo. Asiyetaka kujua naye ameamua. Na bila ule ubishi wa madaktari, nina hakika tungemkubalia kijana kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu tu aliwahi kuomba, na aliomba kwa adabu.

Matroni akavuta kiti kando ya kitanda. "Mama, majibu yametoka. Wapo wanaopenda kuelezwa yote, wapo wanaotaka aelezwe ndugu. Wewe ungependaje?"

"Mwelezeni binti yangu mdogo. Huyu mkubwa ana huruma, ila hana kifua. Mimi niambieni moja tu: nitaumia sana?"

Hapo hatukuzungukazunguka. Maumivu yangekuja, morfini ya maji ipo, hunywewa kila baada ya saa 4, na dozi hupandishwa yakizidi.

Kijana alininunia mimi, siyo matroni. Alidai tumemvunjia heshima kama mtoto mkubwa. Dada yake alifika kesho yake na daftari, akaandika kila kitu, kisha akauliza kama morfini hufunga choo. Hufunga. Daktari mzee akaandika dawa ya kulainisha palepale.