Msiseme ni uzee tu, pimeni B12
Kwa miezi mingi mama alilalamika miguu inakufa ganzi, tukaambiwa ni uzee. Akaanza kuyumba akitembea, hasa gizani, na kusahau majina ya wajukuu. Ulimi ukawa mwekundu na laini kabisa, akila unamuwasha. Daktari mmoja, Mungu ambariki, ndiye aliyeagiza kipimo cha damu: vitamini B12 ilikuwa chini mno.

Na mama nyama na mayai hakosi! Kumbe shida iko tumboni. Umri ukisogea, asidi ya tumbo inaweza kupungua, na bila asidi ya kutosha B12 haiachani vizuri na chakula. Tena ametumia metformini ya kisukari miaka mingi, nayo hupunguza kufyonzwa kwa B12. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 tu kwa siku, lakini zikikosekana muda mrefu mishipa ya fahamu huharibika, na ukichelewa mingine haiponi.

Sasa anachomwa sindano. Kumbukumbu imerudi, ganzi ya vidole bado ipo, na inaniuma sana. Wenye wazazi wanaotumia metformini au dawa za kupunguza asidi, ombeni kipimo hicho. Wala msiwape asidi ya foliki (vitamini B9, ya kuongeza damu) peke yake kabla ya kupima: damu inaweza kuonekana sawa huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuumia.