Visima vya Ngamiani vilivyokwenda Hispania

Baba yangu alikuwa karani wa mizigo bandarini hapa Tanga, enzi ambazo meli kubwa hazikuwa zikifika gatini. Zilitia nanga nje, shehena ikashushwa kwenye matishali, matishali yakavutwa hadi nchi kavu. Kazi yake ilikuwa kuhesabu magunia. Yalihesabiwa yakitoka melini, yakahesabiwa tena yakipanda gatini, na hesabu mbili zisipolingana hakuna aliyekwenda kula. Utotoni niliona kazi hiyo ni ya kuchosha kuliko zote duniani. Mwezi uliopita nilimpigia magoti.

Vijana wa mtaa wetu walikuwa wameorodhesha visima vya Ngamiani na mitaa ya jirani. Maji ya bomba yakikatika, kila mtu huanza kuuliza kisima cha nani kina maji ya kunywa na cha nani ni cha kufulia tu. Wakazunguka na baiskeli, simu mkononi, wakarudi na faili la Excel lenye mistari 187. "Dada, wewe una kompyuta, tutolee ramani." Nikasema jioni moja inatosha.

Natumia QGIS, programu ya ramani isiyolipiwa, na data naihifadhi kwenye PostgreSQL yenye nyongeza ya PostGIS, inayoifanya kanzidata ielewe nukta, mistari na maeneo. Hizi mbili ni kama pete na kidole: PostGIS ilitoka 2001, na mwaka uliofuata Gary Sherman akaanza kuandika QGIS kwa kuwa alitaka kitu cha kutazamia data za aina hiyo. Kwa hiyo kuhamisha faili kutoka kwenye ramani hadi kwenye jedwali ni rahisi mno. Unafungua DB Manager, dirisha la QGIS la kusimamia kanzidata, unachagua faili, unabonyeza, inakwambia imekamilika. Urahisi huo ndio ulioniponza.

Nilipofungua jedwali, Tanga ilikuwa tupu. Nikavuta ramani nyuma, nyuma zaidi, nikavikuta visima vyangu vimekaa Hispania, kusini-magharibi ya Madrid. Mdomoni tumezoea kuanza na latitudo ndipo longitudo. Programu inataka X kwanza, na X ni longitudo. Tanga iko kwenye -5.07 na 39.10, ukizigeuza umeshavuka bahari. Nikageuza. Vingi vikarudi nyumbani, lakini kumi na kitu vikaenda kusini mwa Ethiopia, kwa sababu kuna kijana aliyejaza namba kwa mkono akaona ile alama ya kutoa ni uchafu tu.

Na muda wote huo hakuna onyo hata moja. Kompyuta haijui kwamba Hispania hakuna Barabara ya Nane.

Jaribio la pili nilipitia shepifaili, aina ya faili la ramani, na hilo sitalikalia sana. Jina la kolamu humo haliruhusiwi kuzidi herufi 10. Nilikuwa na kina_cha_kisima na kina_cha_kiangazi, nikapata kina_cha_k na kina_cha_1. Siku tatu baadaye nani atakumbuka ipi ni ipi? Mtu akikutumia shepifaili mshukuru, lakini wewe usimtumie mwenzako.

Usiku huo umeme ukakatika nikiwa katikati ya kupakia, nikatoka nje kukaa barazani na Baba. Nikamweleza kwa lugha yake: mzigo unafika, haujakaguliwa, unaingizwa ghalani moja kwa moja. Akanitazama kama aliyesikia tusi.

"Sasa tishali lako liko wapi, mwanangu?"

Sikulala vizuri. Asubuhi nikaunda jedwali nikaliita tishali, na kolamu zake zote ni maandishi matupu. Si namba, si tarehe, si nukta. Nililijaza kwa amri ya COPY, ambayo humwaga faili zima mara moja: likikubali, limekubali lote; likigoma mstari mmoja, halimo hata moja. Kwa maandishi karibu hakuna cha kugomea. Namba za simu zikaingia na sifuri zake za mwanzo. Nilipoziacha programu ikisie yenyewe, iliziona ni tarakimu ikazikata. Nikahesabu: 187. Hesabu ya kwanza imelingana.

Kisha nikaunda jedwali la kweli, nikaliwekea bawabu. Longitudo isiwe chini ya 38.9 wala juu ya 39.3, latitudo iwe kati ya -5.3 na -4.9. Kina kiwe namba, kwa mita. Kila kisima kiwe na namba yake peke yake, maana QGIS bila kolamu ya namna hiyo husumbua kuhariri. Ladha ya maji ichaguliwe kutoka kwenye orodha fupi.

Hiyo ladha ndiyo iliyonila siku mbili. Nilikuta "matamu", "tamu", "tam", "chumvi", "chumvichumvi", "ya chumvi kdg", na "baridi". Mmoja wa vijana, mgeni kutoka bara, alitaka kuyafuta yote ya "baridi" kwa kuwa, alisema, hatukupima joto. Ikabidi nimweleze kwamba wazee wa pwani wakikwambia maji baridi wanamaanisha hayana chumvi. Kazi hiyo huwezi kuiachia kitufe. Barabara nazo zilikuja "ya 8", "namba nane", "Nane", na moja "kwa fundi cherehani".

Likabaki daftari. Kuna mzee mpima ardhi aliyestaafu aliyetuazima orodha yake ya visima vya zamani, amevisoma kwa rula kwenye ramani ya karatasi ya 1:50,000. Namba zake ni za mita, kwenye ukanda wa 37 kusini wa UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda, nami nikazitia lebo 32737, yaani namba inayoiambia kompyuta kipimo gani cha ramani kimetumika, kama namba zangu nyingine za ukanda huo. Zikapita mlangoni bila tatizo, kwa sababu Tanga zilikuwa Tanga. Ila kisima kimoja cha karibu na bandari kikaonekana kinaelea majini, upande wa kaskazini wa mji. Ramani zile za karatasi zinatumia kipimo cha Arc 1960, na ukikichanganya na WGS 84 cha jipiesi, hapa kwetu nukta husogea takriban mita 300 kaskazini. Lebo sahihi ni 21037. Kosa la mita 300 ni baya kuliko la Hispania, maana la Hispania unaliona.

Hapo nikajifunza pia kutofautisha amri mbili za PostGIS zinazofanana sura. ST_SetSRID hubandika lebo tu, mzigo haujasogea. ST_Transform ndiyo inayokokotoa upya. Nilianza kwa kubandika lebo ya zamani, ndipo nikakokotoa kwenda mpya, na kisima kikapanda nchi kavu.

Nikarudi kwenye ile orodha ya vijana. Kutoka tishali mistari 187, jedwalini 184. Baba akaniuliza mitatu imekwenda wapi, na safari hii nilikuwa na jibu. Mmoja ni kisima kilichoandikwa mara mbili na vijana wawili. Mwingine una sifuri na sifuri, simu haikuwa imenasa setilaiti, kwa hiyo umetua Ghuba ya Guinea, na aliyeuandika hakumbuki nyumba ya nani. Wa tatu, kwenye kolamu ya kina, umeandikwa "mrefu sana".

Huo wa tatu niliufuata mwenyewe Makorora. Bibi mwenye kisima akacheka, akasema yeye anajua ni pima saba na kitu, pima ikiwa ni urefu wa mikono yake miwili iliyonyooshwa, akashusha ndoo mpaka ikagusa chini, tukaivuta kamba na kuilaza uani. Nilikuwa na futi kamba mkobani: mita 12.4. Nikaiingiza jioni ileile, jedwali likasoma 185.

Kile cha sifuri na sifuri bado kimo tishalini.