Gari lilikuwepo, namba ndio haikuwepo

Mimi naishi Umoja na kazi iko Industrial Area, lakini kwetu ni Kitui Kusini, kule ukishuka kwa lami bado uko na safari. Novemba moja mvua ndio ilikuwa inaanza, saa tatu usiku nasonga ugali, sistangu anapiga simu analia, kijana wake wa miaka 12 ameumwa na nyoka mguuni akienda choo bila tochi. Kifutu. Ile nyoka nene mvivu haitoroki mtu, inakungoja tu uikanyage.

Sasa wewe uko Nairobi utafanya nini. Nilisimama nje kwa koridoo na simu mbili kama dalali. Kule nyumbani washafunga mguu na kipande cha leso wakakaza kabisa, mzee mmoja ameleta lile jiwe jeusi la kunyonya sumu, mwingine anatafuta wembe, na vyote hivyo ndio havitakiwi, mguu unatulizwa tu mtu akimbizwe hospitali, lakini hiyo nilikuja kujua baadaye. Boda wa kwanza hakushika simu. Wa pili akasema usiku hatoki bila pesa mkononi na sistangu alikuwa na bob sitini kwa M-Pesa. Nikatuma. Kijana akabebwa mshkaki, yeye katikati mamake nyuma amemshika, mpaka zahanati, wakapata imefungwa. Hospitali ya kwanza, dawa ya sumu ya nyoka hakuna. Ya pili dawa iko lakini kwanza wanataka dipoziti. Kijana kuwekewa hiyo dawa ilikuwa saa nane usiku. Alipona, ila kidole kimoja cha mguu kilikatwa.

Kilichoniuma zaidi nilikipata wiki mbili baadaye nilipoenda kumwona. Kumbe usiku huo ambulensi ya kaunti ilikuwa imeegeshwa pale pale hospitali ya pili, dereva yuko, mafuta yako. Na jirani mwenye Probox, boma la tatu kutoka kwa sistangu, alikuwa amelala tu kwake. Akaniuliza, "Sasa ndugu yangu, mbona hamkunigongea?" Watu husema ati ushago hakuna magari. Sisi yalikuwepo mawili, kilichokosekana ni namba ya simu na mtu wa kusema mafuta yanalipwa na nani.

Basi nikaanza na hizo mbili. Saa ya lanchi nakaa nje ya godauni napigia hospitali moja moja za upande ule, maswali ni yale yale, dawa ya nyoka iko leo? usiku simu inashikwa na nani? ambulensi tunaiitaje? Wengine walinikatia, mmoja akaniuliza mimi ni wa gazeti gani. Hiyo dawa inaletwa kutoka nje ya nchi na ikiisha imeisha. Nilisoma mahali kwamba Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwa orodha ya magonjwa yaliyosahaulika 2017, nikacheka peke yangu, wenye kusahauliwa walikuwa wanajijua kitambo. Kwa hivyo napiga upya kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi.

Pesa ndio ilikuwa inaumiza kichwa. Watu wa kwetu walioko Nairobi tuna chama, nikasema kila mtu atoe mia moja kwa mwezi, ikae kwa laini ya mama wa duka kule kijijini, isikae kwangu. Tulibishana karibu masaa mawili juu ya nani ataila. Mwisho tukakubaliana mtu akigonga duka usiku, mama analipa boda au Probox kwanza, bei ya usiku tulishaipanga na wao, maswali ni kesho. Yeye anatutumia picha za meseji zote mwisho wa mwezi.

Grupu ya WhatsApp tulijaribu ikafa. Usiku watu wamezima data, mchana ni maua na "asubuhi njema wapendwa". Kilichosimama ni karatasi, herufi kubwa ya kusomwa na wazee, imebandikwa dukani, kanisani na kwa posho mill. Juu namba, katikati hospitali gani iko na dawa, chini nikaandika Katiba kifungu cha 43(2), hakuna mtu wa kunyimwa matibabu ya dharura, ndio mtu akiitishwa dipoziti awe na cha kusema. Na mstari mmoja wa lazima: mtu asimame kwa lami na tochi. Kwetu hakuna namba za nyumba, dereva akiambiwa "ukifika kwa ule mwembe" atazunguka mpaka asubuhi.

Februari mama mmoja alijifungua nyumbani damu ikakataa kukatika. Probox ikatoka, hospitali ikapigiwa mapema, ambulensi ikakutana nao katikati ya njia. Saa moja na dakika ishirini kutoka kugongwa kwa duka. Yuko, na mtoto yuko. Aprili haikuwa hivyo, mzee alipatwa na kiharusi, simu ya duka ilikuwa imezima chaji, walikuja kupata gari wakiwa wamechelewa na mzee akafia njiani. Mtoto wake ni mwanachama wetu. Hakutulaumu, lakini Jumapili hiyo hakuna aliyetaka kuongea wa kwanza. Sasa kuna namba ya pili, ya mwalimu mwenye sola.

Juzi Jumatatu nimepiga tena. Ile hospitali ya pili wanasema dawa imeisha, wajaribiwe wiki ijayo. Nimemwambia mama wa duka aikate kwa peni kwa ile karatasi, akaniuliza, "Hata ya kanisani nikaikate?" Nikamwambia mama, tafadhali, hata ya kanisani, na leo.